Chakula cha Kupita Chini ya Mlango

Riwaya ya Microserfs inaanza na mlango uliofungwa kwa ndani. Kijana anayeitwa Michael, mwandishi wa programu katika kampuni ya Microsoft, amepokea barua pepe kutoka kwa Bill mwenyewe, mkuu wa kampuni, ikikiponda kipande cha programu alichokiandika. Anaingia ofisini kwake, anajifungia, hatoki. Usiku wa manane wenzake wanakwenda dukani kumnunulia vyakula bapa: jibini ya vipande, biskuti, chochote chembamba kinachoweza kupenya kwenye upenyo wa chini ya mlango. Wanamlisha hivyo. Na tangu siku hiyo Michael anashika mwiko wa kutokula chochote kisicho bapa.

Nikikisimulia kisa hiki hapa Arusha, watu wa kazi nyingine hucheka. Wanaoandika programu huuliza: hiyo barua pepe ilisema nini hasa? Wanataka kujua kama Michael alionewa au programu yake kweli ilikuwa mbovu. Swali hilo linaniuma kila ninapolisikia. Tumezoea kupimwa kwa mistari tuliyoandika hadi tunapitwa na lililo wazi mbele yetu, kwamba mtu mzima amejifungia chumbani, hatoki, na kampuni inaendelea na shughuli zake.

Aliyekiandika kitabu hiki ni Douglas Coupland, Mkanada. Kilianza kama hadithi fupi katika jarida la Wired, Januari 1994, kikatoka kama riwaya kamili mwaka 1995, mwaka uleule Windows 95 ilipoingia madukani. Kwetu, Tanzania Bara ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuona televisheni. Msimulizi ni Dan, kijana wa miaka 26 ambaye kazi yake ni kutafuta hitilafu kwenye programu za wengine. Hapati usingizi, kwa hiyo anaandika shajara kwenye laptopu yake. Anaishi nyumba moja na wafanyakazi wenzake huko karibu na Seattle, na baadaye karibu kundi zima linaacha kazi na kuhamia California, nyumbani kwa wazazi wa Dan, kujenga programu yao wenyewe, ya kuunda vitu kwa matofali ya kwenye kompyuta, kama yale ya plastiki wanayochezea watoto.

Nilikipata kwenye meza ya vitabu vya mitumba, maana vitabu vingi vya Kiingereza wanavyoacha watalii huishia kwenye meza hizo. Nilikinunua kwa sababu ya jalada. Nimekishikilia kwa sababu sijawahi kusoma kitabu kingine kinachoitazama kazi yangu kwa ukaribu namna hii: miili yetu inavyokaa kwenye kiti, tunavyokula, tunavyolala, na nyumba zinazotubeba wakati kampuni haitubebi.

Watu wa nje wanaujua mji huu kwa Mlima Meru, magari ya safari na vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini panda ngazi za majengo ya Kijenge, Sakina au Njiro, pita saluni na duka la vifaa vya simu, utakuta chumba chenye meza nne na feni moja. Humo wamo machalii na mabinti wanaotengeneza mifumo ya kupokea oda za safari, mifumo ya ada za shule, vitabu vya hesabu vya SACCOS, na programu za kuunganisha duka na malipo ya simu. Wengine wamesoma Chuo cha Ufundi Arusha. Wengine wametokea Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru. Wengine wamejifunzia YouTube kwa bando la usiku. Fedha zao zinafuata msimu wa watalii: Julai hadi Oktoba simu za wateja hazikatiki, na masika yakiingia, Aprili na Mei, hoteli zinakaa tupu na ankara hazilipwi.

Halafu kuna wanaofanyia kazi kampuni za Marekani bila kuondoka Sakina. Wakati wa majira yao ya baridi, Seattle iko nyuma yetu kwa saa kumi na moja. Kikao cha saa tatu asubuhi yao ni saa mbili usiku yetu, na wao wakifunga ofisi jioni, kwetu ni saa kumi alfajiri, waadhini wanakaribia kuamka. Rafiki yangu mmoja ameishi hivyo muda mrefu. Mke wake ananiambia, "Shemeji, huyu mtu tunaishi naye nyumba moja lakini watoto wanamwona amelala tu." Rafiki yangu anajivunia mshahara wa dola, na ana haki ya kujivunia, kwa sababu amejenga na amesomesha wadogo zake. Lakini shemeji yangu huyo anaongea jambo la kweli, na sioni mshahara gani unaolijibu.

Nimeona nilete sheria hapa, kwa sababu katika vyumba hivyo vya meza nne sijawahi kuikuta imebandikwa ukutani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na 9 kwa siku. Saa za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika kila mzunguko wa wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Anayefanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi anaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Sheria haikuwasahau waandishi wa programu. Ni sisi tuliojiona kama wasanii, watu wa kipaji, tukaona kuhesabu saa ni jambo la vibarua wa ujenzi. Fundi mwashi wa Kwa Mrombo anajua siku yake inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi. Muulize mwandishi wa programu swali hilohilo uone anavyobabaika.

Katika riwaya, Dan na wenzake hawalazimishwi na mtu kubaki ofisini. Hiyo ndiyo akili ya kitabu. Hakuna mnyapara. Kuna vinywaji vya bure, nyasi zilizokatwa vizuri, uwanja wa kuchezea, na heshima kubwa kwa yule anayekesha. Bill haonekani, lakini kila mtu anaongea habari zake kama wapangaji wanavyoongea habari za mwinyi wa shamba: leo amepita, leo amekasirika, leo fulani amepata barua yake. Mtu anajifunga kamba mwenyewe, kisha anaikaza mwenyewe.

Kwetu kamba hiyo inaitwa familia. "Vumilieni wadogo zangu, hapa sisi ni familia." Maneno haya niliyasikia kwa bosi niliyemfanyia kazi zamani, masika moja ambapo mishahara ilichelewa hadi watu wakaanza kukopa nauli. Usiku wa kumalizia mradi alikuwa anatununulia chipsi mayai na soda, na tulimshukuru kwa moyo. Leo nasema wazi: zile zilikuwa saa za ziada zilizolipwa kwa viazi. Familia haifichi kitabu cha mapato. Mama yangu akiwa hana hela ya ada alikuwa anatuita wote sebuleni na kutuambia anadaiwa nani na kiasi gani. Bosi yule hakuwahi kutuonyesha hata ankara moja.

Na hisa. Hapa ndipo vijana wetu wanapoumia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wahusika wa Microserfs wanahesabu hisa usiku na mchana. Microsoft iliingia kwenye soko la hisa mwaka 1986, na wafanyakazi wengi wa mwanzo walitajirika kwa kupewa haki ya kununua hisa kwa bei ya zamani, haki inayoiva kidogo kidogo kadiri mtu anavyoendelea kukaa kazini. Ni mtego mzuri kuliko yote niliyowahi kuisoma: ukiondoka mapema, unaacha mezani kile ambacho hakijaiva. Susan, mmoja wa wahusika, anasubiri haki zake ziive, kisha anaacha kazi na kubadilika mavazi, nywele na lugha, kana kwamba ametoka kifungoni. Abe ni milionea lakini anaishi kwenye nyumba ileile ya kupanga na wenzake. Fedha ipo, maisha hayajulikani yaanzie wapi.

Kwao walau karatasi ipo. Huku kwetu nimekutana na vijana wengi walioahidiwa asilimia tano, asilimia kumi, kwa mdomo, kwenye meza ya nyama choma, na wakaandika mfumo mzima kwa ahadi hiyo. Mdogo wangu unayesoma hapa: hisa ya kampuni ya Tanzania inaandikwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni. Kama jina lako halimo kwenye taarifa za wanahisa zilizowasilishwa huko, huna hisa, una rafiki aliyekuahidi kitu. Omba kuona hizo taarifa kabla hujaandika mstari wa kwanza. Anayekasirika kwa sababu umeomba amekujibu tayari.

Sehemu ya riwaya ninayoirudia kuliko zote haina kompyuta nyingi. Baba yake Dan anaachishwa kazi IBM. Huo ulikuwa wakati ambapo kampuni ile kubwa ilikuwa inayumba kweli. Mwaka 1993 ilipata hasara ya takriban dola bilioni 8 na ikapunguza makumi ya maelfu ya wafanyakazi. Mzee aliyeamini kwamba ukiwa mwaminifu kwa kampuni nayo itakuwa mwaminifu kwako anajikuta nyumbani, hana la kufanya, na mwanawe yuko kwenye kazi ileile iliyomtema. Michael, yule wa chakula bapa, ndiye anayempa mzee kazi. Dan anaona wivu. Alikuwa na ndugu yake, Jed, aliyekufa maji utotoni, na sasa anamwona Michael akikaa kwenye nafasi ya marehemu.

Mtu wa Arusha hahitaji kuelezwa ukurasa huo. Kiwanda cha General Tyre kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na mji mzima unajua maana ya wazee wenye ujuzi wa miaka mingi kukaa barazani asubuhi wakiwa wamevaa shati la kazini. Watoto wa rika lile ndio wengi wao walioingia kwenye kompyuta. Waliambiwa na wazazi wao: soma kitu ambacho hakifungwi. Nimekaa na mzee mmoja wa aina hiyo, jirani yetu, akimuuliza mwanawe, "Hiyo kampuni yako ina geti?" Alitaka kujua kama kuna mahali pa kwenda kusimama siku mambo yakiharibika. Mwanawe alikuwa anafanyia kazi watu ambao hajawahi kuwaona zaidi ya kwenye kioo cha laptopu. Alimjibu, "Hapana baba, haina." Mzee akatikisa kichwa na kuendelea na chai yake, na mimi nikawa namfikiria baba yake Dan.

Mwishoni mwa kitabu mama yake Dan, mkutubi, anapata kiharusi na kupoteza uwezo wa kusema. Wanamkanda mwili, wanamwekea kibodi, mikono yake inaongozwa, na maneno yanaanza kutokea kwenye kioo. Karla, mpenzi wa Dan, ndiye aliyekuwa anawakanda watu tangu mwanzo, akiamini kwamba mwili unatunza kumbukumbu ambazo kichwa kimezisahau. Kurasa mia tatu na zaidi za watu waliousahau mwili wao zinaishia kwenye mikono ya mama mgonjwa juu ya kibodi. Wapo wasomaji wanaosema mwisho huu una huruma kupita kiasi. Siafikiani nao. Kitabu kimeufanyia kazi mwisho huo tangu ile jibini ya kwanza ipite chini ya mlango.

Lakini kina upungufu, na upungufu wenyewe unatuhusu sisi moja kwa moja. Kinawafuata waliomo ndani: wenye ajira, wenye hisa, wenye mahali pa kurudi wakishindwa. Wakati kinaandikwa, tayari kulikuwa na kesi mahakamani. Mwaka 1992 wafanyakazi wa muda wa Microsoft walishtaki kwamba wamefanya kazi miaka na miaka bega kwa bega na walioajiriwa huku wakinyimwa mafao, ukiwemo mpango wa kununua hisa. Kesi ilikwisha mwaka 2000 kwa makubaliano ya dola milioni 97. Hao hawana Dan wao wa kuwaandikia shajara.

Na leo vibarua hao wako jirani yetu. Kutoka hapa hadi Nairobi ni basi la asubuhi kupitia Namanga. Januari 2023 jarida la TIME liliandika jinsi Wakenya walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama walivyokuwa wanalipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi ya kutisha, ya ukatili na udhalilishaji, ili programu ya akili bandia ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Mwaka mmoja kabla, Daniel Motaung, aliyekuwa mchujaji wa maudhui ya Facebook jijini humo, alifungua kesi mahakamani Nairobi dhidi ya Meta, kampuni mama ya Facebook, na Sama kuhusu mazingira ya kazi hiyo. Hapo mlango umefungwa kwa upande wa pili. Wa ndani ya jengo la California hajui nani yuko nje, wala nani anampitishia nini chini ya mlango.

Kwa hiyo nataka riwaya ya Kiswahili ya kazi hii, na nataka iandikwe na mtu aliyeifanya. Hatuanzi kutoka sifuri. Shafi Adam Shafi alituandikia Kuli mwaka 1979, juu ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948, na ukiisoma unajua gunia lina uzito gani na anayenufaika na uzito huo ni nani. Kwa nini kijana anayebeba mifumo ya benki na hoteli mgongoni asiandikiwe hivyo? Mji huu umetoa jina lake kwa Azimio la mwaka 1967, lililosema waziwazi kwamba mtu asiishi kwa jasho la mwingine, na mnara wake tunaupita kila siku tukienda kazini. Sielewi mwandishi wa Arusha atakwepaje kuuliza swali hilo kwenye chumba cha meza nne na feni moja.

Na mambo ya humo hayatafanana na ya Redmond, makao makuu ya Microsoft. Kwetu umeme unakatika na kazi inahamia kwenye gesti yenye jenereta. Mlango hauwezi kukaa umefungwa siku nzima, kwa sababu mama mwenye nyumba atagonga, dada wa jirani atagonga, na makande hayapiti chini ya mlango, lazima ufungue upokee sahani. Sisemi hivyo kuwasifu watu wetu bure. Mlango huohuo unaogongwa kwa sahani unagongwa pia na shangazi anayetaka nauli, binamu anayetaka kazi, na kaka mkubwa asiyeelewa kwa nini mwenye laptopu ya gharama hana hela ya mchango wa harusi. Yote hayo ni riwaya.

Tuko kikundi kidogo tunaokutana Kaloleni kusoma na kubishana. Mmoja wetu, dada mwandishi wa programu, ameanza kuiandika. Shujaa wake ni msichana wa Ngarenaro aliyejenga mfumo wa oda za safari kwa ahadi ya asilimia kumi ya mdomo, kisha akaondolewa bila kulipwa mishahara ya masika. Ametuambia mapema kwamba hataki mwisho wa kampuni kuuzwa kwa mamilioni ya dola. Kilichobaki ni shauri la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako dai la kuachishwa kazi linapelekwa ndani ya siku 30 na madai mengine ya kazi ndani ya siku 60. Tumebishana jioni nzima kama msichana huyo awahi au siku zimpite akiwa bado anaamini ile habari ya familia. Mimi nataka awahi. Mwandishi anasema anaanza kwanza kuandika sura ya baba wa msichana, halafu ndipo atajua.